Solomon Mahlangu na Majirani Zetu wa Mazimbu

Katika toleo lililopita la jarida hili ndugu yetu mmoja wa mwaka 1981 aliandika habari za timu yetu ya zamani ya mpira wa miguu. Katikati ya kujisifu kwake (alikuwa golikipa, na makipa hawakosi la kujisifu) alitaja kwa kupita tu mechi zetu na vijana wa Mazimbu. Baada ya toleo hilo kutoka, wanafunzi wawili watatu wa sasa walimwandikia Mhariri wakiuliza hao vijana wa Mazimbu walikuwa akina nani. Mmoja aliuliza kama Solomon Mahlangu, ambaye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine inaitwa kwa jina lake, alikuwa profesa wa kilimo.

Mhariri alinipa barua hizo kwa kuwa anajua nilifundisha Historia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwanza nilicheka. Halafu nikaona si jambo la kucheka, kwa sababu kijana hawezi kujua asichoambiwa, na waliopaswa kumwambia ni sisi tuliotangulia. Basi nitaeleza nijuavyo, na wenzangu wa wakati ule wanisahihishe tutakapokutana.

Solomon Mahlangu hakuwa profesa. Sekondari yenyewe hakuimaliza, na shule iliyopewa jina lake pale Mazimbu hakupata kuiona kwa macho yake. Alinyongwa akiwa na umri wa miaka 22.

Jina lake kamili lilikuwa Solomon Kalushi Mahlangu. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1956 akakulia Mamelodi, kitongoji cha Waafrika kilicho mashariki ya mji wa Pretoria. Mama yake, Mama Martha Mahlangu, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Baba yao aliiacha familia mwaka 1962, na tangu hapo Solomon alimwona kwa nadra tu. Mzigo wote wa kulea ukabaki juu ya mama, naye aliubeba kwa mshahara wa kufua na kupiga deki katika nyumba za wengine. Wapo wengi katika shule yetu waliolelewa hivyo. Nadhani hao watamwelewa Solomon haraka kuliko sisi wengine.

Mwanafunzi wa leo ataniuliza kitongoji cha Waafrika maana yake nini, kwani mji si wa wote? Huko haukuwa wa wote. Chini ya utawala wa Makaburu sheria ilisema kila rangi ikae mahali pake. Mwafrika aliruhusiwa kuingia katika mji wa Wazungu kufanya kazi, akiwa na pasi mfukoni, na jioni arudi kitongojini kwake. Shule nazo ziligawanywa hivyohivyo: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za machotara mbali, za Waafrika mbali. Mwaka 1953 ilitungwa sheria ya elimu ya Waafrika, iliyoitwa Elimu ya Kibantu, na waliyoitunga hawakuficha nia yao. Mtoto wa Kiafrika afundishwe kiasi cha kumfaa kuwa kibarua, asifundishwe mambo ya kumfanya atamani makubwa. Fedha alizotengewa mtoto mmoja wa Kizungu zilikuwa mara nyingi zaidi ya zile za mtoto mmoja wa Kiafrika. Nyumba moja ya shule vitongojini ilibeba watoto kama kikapu cha dagaa.

Kisha ikaja amri ya lugha. Kuanzia mwaka 1974 serikali iliagiza masomo kadhaa ya Waafrika, Hisabati ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikaansi, lugha ya Makaburu wenyewe. Walimu wengi hawakuijua vizuri, na wanafunzi ndio kabisa. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga amri hiyo na polisi wakawapiga risasi. Mtoto Hector Pieterson alikuwa miongoni mwa waliokufa siku ile, na picha yake akiwa amebebwa mikononi ilizunguka dunia nzima. Moto huo haukuishia Soweto, ulienea mpaka vitongoji vya Pretoria. Shule ya Sekondari ya Mamelodi, alikokuwa akisoma Solomon, ikafungwa kwa sababu ya machafuko. Yeye alikuwa amefika mwaka wa kumi wa masomo, tuseme kama Kidato cha Pili au cha Tatu kwa hesabu yetu.

Naomba msomaji atue hapa kidogo. Siku hizi tukisikia mtu amekuwa mpigania uhuru tunamfikiria kama amezaliwa na bunduki begani. Solomon alikuwa mwanafunzi ambaye shule yake imefungwa. Angetaka kuendelea na masomo, aende wapi?

Mwezi Septemba 1976 alijiunga na chama cha ANC akatoka nchini, kama walivyotoka maelfu ya vijana wa rika lake. Msumbiji ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia, na Angola vilevile, kwa hiyo njia ilikuwa wazi kuliko zamani. Alipata mafunzo ya kijeshi katika nchi hizo mbili, katika jeshi la ANC liitwalo Umkhonto we Sizwe, maana yake Mkuki wa Taifa. Hayakupita hata miezi kumi akarudishwa nyumbani. Tarehe 11 Juni 1977 aliingia Afrika Kusini kupitia Swaziland (siku hizi inaitwa Eswatini) pamoja na wenzake wawili, Mondy Motloung na George Mahlangu aliyeitwa Lucky, wakiwa na silaha. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mauaji ya Soweto ilikuwa imebaki siku tano.

Siku mbili baadaye, tarehe 13 Juni, walishtukiwa na polisi katikati ya Johannesburg. Lucky akaponyoka. Solomon na Mondy walikimbilia jengo moja katika Mtaa wa Goch, na risasi zikafyatuliwa. Raia wawili Wazungu waliokuwa kazini kwao waliuawa na wengine wawili wakajeruhiwa. Vijana wote wawili wakakamatwa. Motloung alipigwa vibaya mno kichwani, hata mahakama ikaona hana tena akili timamu ya kushtakiwa. Akabaki Solomon peke yake kizimbani.

Kesi ilianza tarehe 7 Novemba 1977. Mmoja wa mawakili walioishughulikia alikuwa Priscilla Jana, mwanamke wa asili ya Kihindi, aliyejulikana baadaye kwa kuwatetea wengi katika kesi za siasa. Jaji alikubali kwamba aliyewaua wale raia wawili alikuwa Motloung, si Solomon. Hata hivyo sheria waliyoitumia ilisema kwamba watu wakiwa na nia moja, kosa la mmoja ni la wote. Tarehe 2 Machi 1978 alihukumiwa kunyongwa. Ruhusa ya kukata rufani ilikataliwa mwezi Juni, ikakataliwa tena mwezi Julai. Umoja wa Mataifa uliomba asinyongwe, serikali mbalimbali ziliomba, na watu mashuhuri duniani nao wakaomba. Serikali ya Makaburu haikusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Katika miaka yangu ya ualimu swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote ni kuhusu wale raia wawili. Mwaka mmoja binti wa Kidato cha Tatu alisimama akaniuliza kwa nini tunampa heshima mtu ambaye msafara wake uliua watu waliokuwa kazini kwao. Darasa zima likamgeukia kwa hasira. Mimi sikumkasirikia, nikaona ndiye peke yake aliyekuwa akisikiliza. Nilimjibu kwamba wale wawili walikuwa na nyumba zao na watu wao, na kifo chao ni hasara ambayo hakuna anayeweza kuifuta. Nikamwambia pia kwamba mahakama iliyojua kwa kinywa chake yenyewe kuwa kijana huyu siye aliyeua, na bado ikamnyonga, haikuwa ikitafuta haki ya wale wawili. Ilitaka kuwatia hofu waliobaki hai. Kama jibu langu lilimtosha sijui. Alikaa chini akaandika, na mwisho wa mwaka alipata alama za juu.

Solomon Mahlangu alinyongwa katika gereza la Pretoria alfajiri ya Ijumaa, tarehe 6 Aprili 1979. Wapo waliokumbuka kwamba tarehe hiyohiyo mwaka 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga pale Rasi ya Tumaini Jema kuanzisha makazi ya Wazungu. Inajulikana kwamba aliwatumia watu wake salamu za kutokata tamaa. Polisi waliogopa umati wa Mamelodi, wakaona azikwe Atteridgeville, upande mwingine wa Pretoria.

Sasa nije nyumbani Morogoro. Mimi mwezi ule nilikuwa Kidato cha Pili. Wazee wenzangu wanakumbuka Aprili 1979 ilikuwaje. Majeshi yetu yalikuwa karibu kuingia Kampala, na kila jioni baada ya chakula tulijazana bwaloni kuizunguka redio ya shule tukisubiri taarifa ya vita. Tarehe 11 Kampala ikaanguka, tukaimba mpaka mwalimu wa zamu akachoka kutufukuza. Kati ya habari hizo zote, habari ya kijana mmoja aliyenyongwa Pretoria ilipita masikioni mwetu kama upepo. Nasema kweli, mimi siikumbuki kabisa siku yenyewe. Niliijua maana yake mwaka uliofuata, nilipokwenda Mazimbu.

Mazimbu palikuwa shamba la mkonge lililoachwa, kilomita chache kutoka mjini. Mwaka 1977, baada ya wimbi la vijana waliokimbia kutoka Soweto na kwingineko, Serikali ya Tanzania iliwapa ANC eneo hilo wajenge shule. Viongozi wa mkoa wetu wa wakati ule walisaidia sana, na hasa Mama Anna Abdallah, ambaye Waafrika Kusini wale hawakuacha kumtaja. Masomo yalianza mwaka 1978 katika nyumba kuukuu za shamba. Baada ya Solomon kunyongwa, ANC iliamua shule hiyo iitwe Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Kwa kifupi cha Kiingereza waliiita SOMAFCO, na wakazi wa Morogoro tukaendelea kuiita Mazimbu.

Safari yangu ya kwanza kule haikuwa ya heshima. Nilikuwa nimepewa adhabu. Mimi na wenzangu wanne tulikuwa tumegoma kwenda shamba la shule siku ya Elimu ya Kujitegemea, tukisema tumekuja kusoma, hatukuja kulima. Tulinyimwa mambo mengi muhula ule. Lakini timu ilikuwa haina winga wa kushoto mwenye afya, basi nikasamehewa nusu na kupandishwa kwenye lori Jumamosi moja ya mwaka 1980 kwenda kucheza na Waafrika Kusini.

Tulifika mapema kuliko tulivyotarajiwa. Wenyeji wetu hawakuwa uwanjani, walikuwa kwenye ujenzi. Wanafunzi wenyewe, wavulana kwa wasichana, walikuwa wamepanga mstari wakipitishiana matofali, na katika mstari huo walikuwamo walimu wao, na mafundi Waluguru wa vijiji vya jirani, na Mzungu mmoja mwenye ndevu ambaye baadaye tulimjua kuwa ni mwalimu wa Fizikia. Walikuwa wakijenga darasa watakalolisomea. Waliimba sauti ya chini na ya juu zikifuatana, na matofali yakaenda kwa mpigo wa wimbo. Mwalimu wetu wa michezo, mtu asiyependa maneno mengi, alinitazama mimi, akayatazama matofali, akanyamaza. Nilivua viatu vya mpira nikaingia katika mstari. Mechi ilichelewa saa nzima, na tulifungwa mabao matatu kwa moja. Golikipa wetu hakuyaandika hayo katika makala yake.

Baada ya mchezo tulikula pamoja. Ugali wao waliuita papa, na waliucheka wetu kwa kuuita laini. Hapo ndipo nilipoanza kuona shule ile ni ya namna gani. Kwenye meza moja alikaa Mzulu na Mxhosa, Msotho na Mtswana, msichana wa asili ya Kihindi na mvulana chotara kutoka Cape Town. Nchini kwao sheria ingewaweka katika shule mbalimbali. Walimu walitoka kwao wenyewe na pia Uholanzi, Skandinavia, Uingereza na Ujerumani Mashariki. Kwa lugha ya mama wasingeelewana wote, basi walizungumza Kiingereza, wakachanganya na Kiswahili cha sokoni ambacho kilitufurahisha sana. Mmoja wao alikuwa amejifunza kupatana bei kwa Kiluguru, na kina mama wa sokoni walimpunguzia kwa kicheko tu.

Walikuwa na kwaya, michezo ya kuigiza, midahalo, na zamu za kusomeana habari za dunia. Kila tarehe 16 Juni walifanya kumbukumbu kubwa, na shule za jirani zilialikwa. Kazi za mikono zilipangwa kwa zamu na hakuna aliyekwepa: mahindi, alizeti, nguruwe, ng'ombe, jikoni, karakana ya seremala. Kadiri miaka ilivyokwenda pakawa mji kamili, wenye shule ya msingi, nyumba ya kulelea watoto wadogo na hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi. Mwaka 1985 Oliver Tambo, Rais wa ANC, ndiye aliyeifungua shule rasmi.

Nisiseme kwamba yote yalikuwa asali. Vijana waliokulia katika miji mikubwa, wakatupwa chini ya Uluguru bila baba wala mama, wengine wakiwa bado na ndoto za risasi usiku, hawakuwa malaika. Nguo za msaada ziliuzwa mjini kwa siri, pombe ya kienyeji ilinywewa, na wazazi wa Morogoro walikuwa na manung'uniko yao kuhusu mabinti. Sisi nasi tuliwaonea wivu kwa viatu vyao.

Siku ile ya kwanza nilipata rafiki. Alikuwa winga wa kulia wa kwao, kwa hiyo tulikimbia upande mmoja wa uwanja dakika 90 tukikwatuana. Alitoka Mamelodi. Nilimwuliza kama alimjua Solomon, akasema alimjua kwa sura, kijana mkubwa kwake kidogo, wa mitaa ya jirani. Nikamwuliza jina la ukoo wake ili niandike katika daftari langu la anwani, kama tulivyokuwa tukifanya wakati ule. Akatabasamu, akanipa jina moja tu. Baadaye alinifafanulia kwamba silo la kuzaliwa. Wengi wao pale walitumia majina ya kupanga. Makaburu walikuwa na wapelelezi, na jina la kweli likifika Pretoria, polisi wanagonga mlango wa mama yako usiku. Hata wao kwa wao, waliolala bweni moja, hawakuulizana.

Jambo hilo lilinikaa moyoni kuliko yote. Shule nzima ya watu waliofunika majina yao, na jina moja tu la ukoo lililotamkwa waziwazi kwa kila mgeni, likaandikwa kwenye barua na likaimbwa na kwaya, ni la yule ambaye Makaburu hawakuwa na la kumfanyia tena.

Urafiki wetu ulidumu. Nilipomaliza Kidato cha Nne nilipata nafasi katika chuo cha ualimu hapahapa Morogoro, na Jumamosi nyingi nilikwenda Mazimbu kwa baiskeli. Alinisaidia Hisabati, mimi nikamsaidia Kiswahili. Tulipanda naye Uluguru mara moja kupitia njia ya Morningside, na alipogeuka akaona mji wote na Mazimbu kwa mbali alikaa juu ya jiwe kwa muda mrefu bila kusema neno.

Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu wetu Edward Moringe Sokoine alikuwa akirudi kutoka Dodoma kwa barabara. Pale Dakawa, mkoani kwetu, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na kijana Mwafrika Kusini, mpigania uhuru. Sokoine alifariki. Wasiokuwapo wakati ule hawawezi kujua msiba ule ulikuwaje. Nchi nzima ilililia kama yatima. Na hapa Morogoro, tulioishi na Waafrika Kusini, kilio kilichanganyika na kitu kingine. Sokoni walipita watu wakawageuzia mgongo. Yule kijana alishtakiwa akafungwa kwa uendeshaji wa hatari, lakini minong'ono haikukoma.

Mimi nilikuwa na ahadi na rafiki yangu Jumamosi iliyofuata. Sikwenda. Nilijiambia ni kwa sababu ya maombolezo, lakini ukweli nilikuwa na hasira, nami niliitwika juu ya watu wote wa Mazimbu, kosa la mmoja likawa la wote. Sikuona wakati ule kwamba nilikuwa nikihukumu kwa sheria ileile iliyomnyonga Solomon. Jumamosi ya pili sikwenda, wala ya tatu. Nilipojikaza kwenda, mwisho wa Mei, niliambiwa amekwishaondoka. Alikopelekwa hawakuniambia, na kwa desturi ya pale haikufaa kuuliza.

Afrika Kusini ilianza kufunguka mwaka 1990, na watu wa Mazimbu wakaanza kurudi kwao. Tarehe 9 Julai 1992 ANC ilikabidhi Mazimbu yote kwa Serikali ya Tanzania, majengo, mashamba na hospitali. Serikali ikaikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Kilimo kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1984 na kupewa jina la Sokoine. Ndiyo sababu leo mwanafunzi anasoma katika Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na majina hayo mawili yanakaa katika kitambulisho kimoja. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili 1993, mwili wa Solomon ulitolewa Atteridgeville ukazikwa upya Mamelodi, kwao. Mwaka 2005 serikali ya nchi yake ilimpa nishani ya Mendi ya ushujaa, na mwaka 2016 ilitoka filamu ya maisha yake iitwayo Kalushi.

Miaka ya tisini nilimtafuta rafiki yangu. Niliwaandikia watu, nikamwomba jamaa mmoja aliyekwenda Pretoria masomoni aulize Mamelodi. Akaniandikia kuniuliza jina la huyo mtu. Nilikuwa na lile moja tu la kupanga, ambalo mama yake mwenyewe asingelitambua. Kama alifika nyumbani, kama ana wajukuu kama mimi, au kama amelala Angola, sijui.

Pale Mazimbu yapo makaburi ya Waafrika Kusini waliofia ugenini, nami huenda mara moja kwa mwaka. Nasoma mawe yote, safu kwa safu, kisha narudi nyumbani.

Kwa ajili ya wanafunzi walioandika, na kwa ridhaa ya Mhariri, nimeomba Jumamosi ya mkutano wetu wa mwaka huu tuwe na safari fupi ya Mazimbu kabla ya chakula cha mchana. Mkuu wa Shule amekubali kutupa basi. Nitawaonyesha nyumba za zamani za shamba, darasa ambalo matofali yake nilipitisha (nadhani ni lile, ingawa ndugu yetu golikipa anabisha), na makaburi. Viti ni 25 tu, na wanafunzi watapewa kwanza. Wanaotaka kwenda wampe Katibu majina yao mapema, na waandike majina kamili.